Nimejifungua salama hospitali, sasa mama mkwe haongei na mimi

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kibosho, upande wa juu ambako masika yakichanganya hata Noah hazipandi. Mume wangu ni seremala, ana karakana yake mjini Moshi. Mimi nina duka dogo la vitu vya nyumbani na kuku wachache. Tunaishi kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, na mama mkwe, nyumba yake na yetu zimetenganishwa na migomba tu.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mbali, katika mji tuliokuwa tukiishi wakati ule. Sitaki kusema wapi. Tulilala wawili kitanda kimoja, wote tuna uchungu. Nilipolia nesi akaniuliza, "Ulipokuwa unaitafuta ulilia?" Nikapigwa kofi la paja. Nikaongezewa njia bila kuambiwa, nikashonwa bila ganzi, na mume wangu yuko getini usiku kucha hajui kama niko hai. Mtoto alitoka mzima, kwa hiyo kila mtu akaniambia nishukuru. Nilinyamaza, lakini nilijiapiza kwamba Mungu akinipa mwingine sitazaa tena mbele ya watu wasiojua hata jina langu.

Nilipopata mimba ya pili tulikuwa tumeshahamia huku. Mama mkwe ni mkunga wa jadi. Wanawake wengi wa kijiji hiki wamepita mikononi mwake, na mume wangu na ndugu zake wote walizaliwa kwenye chumba kile cha nyuma. Hafokei mtu. Anakukanda mgongo, anakuita mwanangu. Tukakubaliana nitajifungulia kwake. Alipaka chumba chokaa upya, akaweka godoro jipya, kanga zikafuliwa na kupigwa pasi. Glovu na nyembe nilinunua mwenyewe duka la dawa. Alishachagua hadi mgomba ambao kondo la nyuma lingezikwa chini yake, kama alivyofanya kwa watoto wake. Kliniki niliendelea kwenda. Nesi wa zahanati akiniuliza nitajifungulia wapi, nilimjibu hospitali, akaandika.

Mimba ilipofika mwezi wa tisa, Jumapili moja tumetoka kanisani, mama mkwe akanitazama akasema uso wangu umejaa. Akanibonyeza mguu kwa kidole, pakabaki shimo. Akasema kesho asubuhi niende wakanipime, nisingoje tarehe yangu. Nilipofika zahanati presha ilikuwa 150 kwa 100, na kwenye mkojo wakakuta protini. Nesi akaniambia, "Mama, leo hurudi nyumbani." Ikatafutwa gari, nikapelekwa hospitali mjini na nguo nilizovaa.

Anti, njia nzima nilikuwa natetemeka. Siyo kwa sababu ya presha, ni kwa sababu ya ile hospitali ya kwanza. Lakini mkunga aliyenipokea, binti mdogo kuliko mimi, aliniuliza kwanza napenda kuitwa nani. Akanieleza kwa nini hawawezi kusubiri, kwamba watanianzishia uchungu, na kwamba mambo yakibadilika naweza kupasuliwa. Halafu akanyamaza ili niulize. Kila alipotaka kupima njia aliomba ruhusa. Dada yangu aliruhusiwa kukaa nami, wakavuta pazia. Niliruhusiwa kusimama na kutembea pembeni ya kitanda na dripu yangu, na uchungu ulipokolea nilipiga magoti nikaegemea kitanda, hakuna aliyenikataza. Presha waliipima kila mara. Binti yangu alipotoka waliniwekea kifuani hivyohivyo akiwa na majimaji yake, wakasubiri kabla ya kukata kitovu. Nililia sana, na yule mkunga akaniambia nilie tu, hakuna anayenikimbiza. Nilichanika kidogo, wakanishona kwa ganzi.

Sikujua kwamba kuzaa kunaweza kuwa hivyo.

Shida imeanza niliporudi. Mama mkwe hakunikosesha kitu. Mtori kila siku, maziwa, mbuzi amechinjwa, maji ya moto yako tayari. Ila haongei. Anaweka bakuli, anaangalia mtoto, anaondoka. Chumba kile amekifunga kwa kufuli. Halafu wiki moja jumuiya ilikuwa kwetu, nikaombwa nitoe ushuhuda. Nikasimulia nilivyotibiwa mara ya kwanza, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru nesi wa zahanati, daktari na yule mkunga. Nilisema kwamba kama ningebaki nyumbani huenda ningekufa. Mama mkwe akanyanyuka, akaenda jikoni, hakurudi hata kwa sala ya kufunga.

Kuna jambo jingine. Wifi yangu, binti yake wa mwisho, ana mimba ya tatu. Atajifungua mwezi wa tano, na atakuja kwa mama yake kama alivyokuja kwa wawili wa kwanza, ambao aliwazaa kirahisi kabisa kwenye chumba kile. Juzi alinipigia simu akauliza, "Wifi, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Mume wangu anasema ninyamaze, mama atapoa mwenyewe. Mke wa shemeji yangu mkubwa anasema nichukue sale, jani letu la kuombea msamaha, nitafute mzee wa kunisindikiza, niende nikaombe msamaha yaishe. Mimi sijui naomba msamaha wa nini. Na kuna kitu nakionea aibu kukisema: nikipita pale nikaona lile kufuli, nalia. Nilitaka kuzaa mle ndani. Nimefurahi nilikozaa, na bado nalilia nilikokosa. Nina akili timamu kweli?

Nisaidie, Anti.

Mzazi wa Kibosho

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu kuna kitu ndani yake ambacho umekisema kwa sentensi tatu ukaenda zako, na mimi nimeshindwa kukipita. Nitakifikia.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Ulitendewa vibaya kwenye uzazi wa kwanza, ukatafuta mahali ambapo hautatendewa hivyo tena, na mahali hapo palikuwa chumba cha mama mkwe wako. Mwili ukabadilisha mpango. Ukaenda hospitali kwa hofu, ukakuta huko upole uliokuwa umekata tamaa ya kuupata. Umerudi na furaha, na furaha yako imekuwa jeraha la mtu mwingine ambaye unampenda na ambaye bado anakulisha. Juu ya hayo kuna wifi anayekuuliza swali lenye uzito wa maisha, na wewe unaona kila jibu litamuumiza mtu.

Hilo la mwisho wa barua nalijibu moja kwa moja, kwa sababu umelionea aibu bure. Una akili timamu. Ulimpoteza mtu? Hapana. Lakini ulikuwa na miezi mingi ya kuiona siku ile kichwani: chokaa mpya, mkono wa mama mgongoni, mgomba ulioandaliwa. Siku ile haikuja. Iliyokuja ilikuwa nzuri, na ile isiyokuja nayo ilikuwa yako. Wanawake wengi waliobadilishiwa mpango wa kujifungua hulia hivyo kwa siri, wakiogopa wataonekana hawana shukrani. Lia ukihitaji, na kama unaweza, mwambie mumeo unalia nini. Nahisi anadhani unalia ugomvi.

Sasa nije kwenye zile sentensi tatu. Umeniandikia kwamba mama mkwe alikutazama usoni, akabonyeza mguu, akaona shimo, akakuambia uende kesho yake usingoje tarehe. Mwanangu, presha yako ilianza kuonekana pale nje ya kanisa, machoni mwa mama mkwe. Mashine ya zahanati ilifuata. Miguu kuvimba kwa mjamzito ni jambo la kawaida na wengi hulipuuza, lakini uso ukijaa ghafla mwezi wa tisa mtu mwenye uzoefu hashangai tu, anatuma mtu kupimwa. Angekuwa mkunga wa jadi wa aina ile ninayoiogopa, angekuchemshia mizizi akakuambia ni maji ya mtoto. Yeye alikutoa kwenye chumba alichokuandalia kwa mikono yake, akakupeleka kwa wenzake.

Halafu nikasoma ushuhuda wako. Mungu, nesi, daktari, mkunga. Nawe uliamini kabisa ulichosema, na kilikuwa kweli. Ila jaribu kukaa kwenye kigoda chake jioni ile. Nyumba imejaa majirani, na wengi wao amewazalisha yeye. Mkwe wake anasema angebaki nyumbani huenda angekufa. Aliyekuondoa nyumbani yuko palepale, na hakutajwa. Sisemi ulifanya kosa. Mtu anayetoa ushuhuda hubeba kilichomjaa kifuani, na wewe ulijaa wale waliokushika siku ya leba. Nauliza tu kama kimya chake ni hasira ya hospitali, kama mnavyodhani nyote pale nyumbani, au ni kitu kingine.

Huenda pia ni hofu. Mwanamke aliyepokea watoto kwa miaka yote hiyo anajua presha ya mimba huishia wapi. Kifafa cha mimba akikiona mtu mara moja hakisahau: mama anakakamaa, anapoteza fahamu, na nyumbani hakuna sindano ya kukituliza. Mama mkwe wako anaweza kuwa anakaa jikoni usiku akijiuliza ingekuwaje kama asingekuangalia Jumapili ile. Au anajiuliza juu ya wengine aliowaona zamani. Watu wa umri wake hawasemi hofu, wanafunga mlango kwa kufuli. Naweza kuwa nakosea. Wewe ndiye unayemwona akiweka bakuli, mimi nasoma karatasi.

Kuna dhana nyingine ningependa tuigeuze kidogo. Katika barua yako, nyumbani na hospitali vimesimama kama pande mbili zinazogombana, na wewe umehama upande. Lakini nikichambua kilichokufurahisha hospitali naona kuulizwa jina, kuombwa ruhusa, ndugu pembeni, kuachwa upige magoti unavyotaka. Haya ndiyo uliyoyafuata kwa mama mkwe. Na kilichokutisha kule kwa kwanza hakikuwa dawa wala mashine, kilikuwa ni watu. Usalama wa mwili na heshima ni mahitaji mawili, na mwanamke ana haki ya kuyapata yote mawili mahali pamoja. Wewe kwa miaka kadhaa uliamini lazima uchague moja, na kwa ulivyotendewa sikushangai.

Ujue pia kwamba ulichofanyiwa mara ya pili si zawadi ya binti mmoja mwenye roho nzuri, ingawa roho nzuri anayo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa uchungu, na ndani yake yamo: mama awe na mtu anayemtaka pembeni yake, atembee na ajiweke mkao unaomfaa, aelezwe na aheshimiwe, na asiongezewe njia kama desturi tu. Kusubiri angalau dakika 1 kabla ya kukata kitovu kumo katika miongozo yao pia. Kwa hiyo kofi la paja halikuwa "hali ya hospitali". Lilikuwa ni kuvunjwa kwa haki yako. Najua kuna vituo ambavyo bado viko mbali na hayo, wodi ni ndogo, mapazia hakuna, mkunga mmoja ana wazazi watano. Nakuambia ili utakapozungumza na wifi usimwambie "hospitali ni nzuri" kwa jumla. Wewe mwenyewe ni shahidi kwamba inategemea.

Na hapo tunafika kwa wifi.

Swali lake linanisumbua kuliko yote, nami sitaki kujificha. Mwanamke aliyezaa wawili bila shida anaweza kutokwa na damu nyingi kwa wa tatu, na hakuna kipimo cha kliniki kinachoweza kumwambia kwa uhakika mapema kwamba hatakuwa yeye. Damu baada ya kuzaa ni miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya vifo vya wazazi duniani, na mara nyingi humpata mama ambaye hakuwa na dalili yoyote ya hatari. Hospitalini, mara mtoto anapotoka, mama huchomwa sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ujikaze. Dawa hiyo inatakiwa kutunzwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo hata mama mkwe mwenye mikono ya dhahabu hawezi kuwa nayo kabatini. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walimwekea mama mfuko wenye vipimo wa kukusanya damu, wasikadirie kwa macho, na damu ilipozidi wakatoa tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja, kungoja, na kujaribu nyingine. Matokeo mabaya ya kutokwa damu nyingi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nayo, yalipungua kwa asilimia 60. Macho ya mtu yeyote, nesi au mkunga wa jadi, hukadiria damu pungufu. Damu inayoingia kwenye kanga na godoro inadanganya.

Nchi yetu imetembea. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta asilimia 63 ya vizazi vikitokea kwenye vituo vya afya, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vya wazazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Sababu ni nyingi, siyo moja tu, lakini kufika mahali penye damu, dawa na chumba cha upasuaji ni mojawapo.

Halafu mwezi wa tano huko kwenu ni masika. Wewe ulipelekwa mjini mchana, bado una nguvu zako, uchungu haujaanza. Mtu anayetokwa na damu saa nane usiku, barabara ni tope, dereva wa Noah amelala na bodaboda inateleza, ana saa chache sana. Hili sihitaji kumwambia mtu wa Kibosho, mnaijua barabara yenu.

Unaona basi kwa nini ushauri wa mumeo wa kunyamaza una upande wake mzuri na upande unaoniogopesha. Uzuri wake ni kwamba anamjua mama yake tangu alipozaliwa. Pengine ni kweli atapoa. Mtu mwenye kichanga mikononi hahitaji ugomvi, na maziwa hayapendi mawazo. Lakini kunyamaza kwa mama mkwe kunaweza kusubiri, na swali la wifi lina tarehe. Ukimwambia tena mtandao unasumbua, ataamua mwenyewe, na ataamua bila kusikia simulizi pekee ndani ya familia ambalo lingemfaa. Je, utaweza kubeba hilo, likienda vizuri au vibaya? Jiulize ukiwa peke yako.

Unaweza kumjibu bila kumwamulia. Msimulie yote mawili, la mbali na la mjini, kama ulivyoniandikia mimi. Mwambie kilichokufanya ulie na kilichokufanya ufurahi. Muulize kama amepimwa presha na wingi wa damu hivi karibuni, kadi yake inasema nini, kama mtoto amegeuka. Ukitaka kumpa kitu cha mkononi, mpe maswali ya kuuliza kwenye hospitali anayoweza kufika kabla ya siku: mnaruhusu mtu wa kukaa nami leba? Naweza kutembea? Nije na vifaa gani? Kwa sera, huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini sote tunajua mzazi huambiwa aje na glovu, pamba, uzi, mpira wa kutandika na kanga zake, na asiyejiandaa huumbuka. Upande wa juu mna hospitali ya Kibosho, mjini kuna Mawenzi, na kwa matatizo makubwa kuna hospitali ya rufaa ya KCMC. Kwenu Kibosho hata kuchagua kunawezekana, na wenzenu wa maeneo mengine ya nchi hawana bahati hiyo. Hatari ya njia hii ni kwamba simu yenu itamfikia mama, ikiwa imeongezwa chumvi. Ukiona itakuwa hivyo, pengine mama asikie kwako kwanza.

Kuhusu sale. Naliheshimu jani hilo, na najua kwenu mtu akiletewa sale ni vigumu kukataa kupatana. Ndiyo maana sitaki ulibebe kwa haraka. Sale hubebwa na mwenye kosa. Ukienda nalo, na mzee pembeni, utakuwa umetamka mbele ya ukoo kwamba kwenda hospitali, au kusema umefurahi, kulikuwa ni kukosa. Amani utaipata, naamini. Lakini wifi atakapokuuliza tena utakuwa umejifunga mdomo, na binti yako naye siku moja atalikuta jambo hilo kwenye simulizi za ukoo. Kwa upande mwingine, kuna familia ambazo sale halipimwi hivyo. Ni namna tu ya mdogo kumfungulia mkubwa mlango bila yeyote kushindwa. Huyo mke wa shemeji amekaa kwenye ukoo huo kuliko wewe. Muulize kwa wao lina maana gani, kabla hujaamua kwamba hulitaki, au kwamba unalitaka.

Na kama hujui unaomba msamaha wa nini, labda kuna unachoweza kumpelekea ambacho unakijua. Ninawaza siku ambayo atakuja na bakuli lake, ukamwomba akae kidogo amshike mtoto wakati unakunywa. Ukamwambia tu lililotokea: mama, uliniona uso, ukanituma, nesi akanipima akasema siku ile sirudi nyumbani. Usiongeze neno la hospitali ni bora, wala neno la samahani kama hulihisi. Anaweza kunyamaza vilevile, anaweza kuondoka, anaweza kulia. Hatari ipo pia kwamba atafungua yale ya zamani, mama au mtoto ambaye hakumwahi, na wewe ukiwa mzazi mchanga unaweza kuyaona mazito. Kama hauko tayari kuyabeba, ngoja nguvu zirudi. Na ikiwa jumuiya itakuja tena kwenu siku moja, utajua mwenyewe kama kuna jina la kuongeza kwenye ushuhuda.

Ninalitamani moja, nawe uone kama lina nafasi kwenu. Miongozo inasema mzazi awe na mtu anayemtaka pembeni. Wewe ulikuwa na dada yako. Wifi anaweza kumtaka mama yake. Mikono ile inayojua kukanda mgongo, sauti ile isiyofoka, ingeweza kukaa ndani ya pazia huku mkunga wa hospitali akishika presha, sindano na damu. Kuna vituo vitakataa, kuna wakunga watamdharau bibi mwenye kilemba, na yeye mwenyewe anaweza kuona ameitwa msaidizi kwenye kazi aliyokuwa mwenyewe. Lingehitaji kuulizwa hospitali mapema na kuombwa kwake kwa heshima, pengine na wifi mwenyewe, maana ni binti yake. Wewe hapo ungekuwa umempa wifi wazo, basi.

Chumba kile pia hakijafa. Mzazi hukaa uzazi wiki nyingi, na hizo siku za mtori, maji ya moto na usingizi wa mchana zinahitaji chumba chenye godoro jipya na kanga zilizopigwa pasi. Sijui kama mama mkwe ameshaliona hilo. Kuhusu kondo la nyuma, hospitali nyingi zinalo utaratibu wao wa kuliteketeza, lakini familia ikieleza mapema mara nyingine hukabidhiwa. Kwa wifi inafaa kuulizwa kabla, isiwe ugomvi mlangoni mwa leba. Kwako limepita, najua, na nadhani ni sehemu ya machozi yale.

Mwisho nina swali langu, na hili nataka ulijibu wiki hii. Umeniandikia kuhusu mama mkwe, mume, wifi, jumuiya, hata mke wa shemeji. Hukuniambia presha yako ikoje sasa. Presha ya mimba haiishi mtoto anapotoka. Inaweza kupanda tena siku na wiki za mwanzo, na inatakiwa iwe imerudi kawaida kufikia wiki ya 12. Nenda zahanati upimwe presha na mkojo, hata kama unajisikia mzima. Ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona vimulimuli au ukungu machoni, au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kadi ile itunze. Ukija kupata mimba nyingine, nenda kliniki mapema, mwambie nesi ulishawahi kupata presha yenye protini, kwa sababu kuna aspirini ya kiwango kidogo ambayo daktari anaweza kukuanzishia kabla ya wiki ya 20 kupunguza uwezekano wa kurudia. Hakuna duka la dawa linalopaswa kukuuzia hiyo kwa kukisia.

Niandikie umepimwa ngapi.

Anti yako